Mto Uliotiwa Saruji

Mtu akisimama wakati wa kiangazi juu ya daraja mojawapo la mji wa Los Angeles, katika jimbo la California huko Marekani, akatazama chini, huona handaki pana lenye sakafu na kuta za saruji, na katikati yake mchirizi mwembamba wa maji usiofika magotini mwa mtoto. Akiuliza ni kitu gani kile, huambiwa kuwa ni mto. Akirudi mahali pale pale baada ya siku mbili za mvua kubwa ya Februari, hukuta maji ya rangi ya matope yakienda mbio kwa kishindo kutoka ukuta hata ukuta, yamebeba magogo na takataka za mji mzima, nayo yote yanakimbilia baharini. Na jioni ile ile, katika nyumba zilizo kando ya mto huo, watu hufungua mabomba yao wakanywa maji yaliyosafiri mamia ya kilometa kutoka milima ambayo wengi wao hawajapata kuiona.

Si kwamba mji ule hauna mvua. Los Angeles hupata kiasi cha milimita 380 za mvua kwa mwaka, karibu zote kati ya Novemba na Aprili, na mwaka mmoja huweza kuleta mara tatu ya mwingine. Milimita moja ya mvua juu ya meta moja ya mraba ni lita moja kamili ya maji. Kwa hiyo paa la nyumba lenye urefu wa meta kumi na upana wa meta kumi hupokea lita 38,000 kwa mwaka. Eneo la mji mzima ni kilometa za mraba zipatazo 1,200. Msomaji apendaye hesabu na afanye hesabu hiyo mwenyewe. Ataona kuwa mbingu huuletea mji ule meta za ujazo zaidi ya milioni 450 kila mwaka bila malipo. Kweli, sehemu ya maji hayo hurudi hewani kuwa mvuke, na sehemu nyingine hunywewa na miti. Lakini mengi hutoka mapaani yakaingia barabarani, yakatoka barabarani yakaingia mitaroni, na kutoka mitaroni yakaenda zake baharini. Jinsi mji wenye kiu ulivyofikia kuitendea mvua yake kama adui, na jinsi ulivyoanza kupatana nayo, ndiyo habari ya insha hii.

Los Angeles ulianza mwaka 1781, wakati California ilipokuwa chini ya mfalme wa Hispania. Waliouanzisha walikuwa familia 11, watu 44 kwa jumla pamoja na watoto wao, waliotoka sehemu za kaskazini za nchi ambayo leo ni Meksiko. Wengi wao walikuwa na damu ya Kiafrika, jambo ambalo wenye kuusifu mji huo hawakupenda kulitaja kwa muda mrefu. Walijenga karibu na kijiji cha Watongva, wenyeji wa nchi ile, na mojawapo ya kazi zao za kwanza ilikuwa kuchimba mfereji wa kutoa maji mtoni na kuyafikisha mashambani. Waliuita Zanja Madre, maana yake Mfereji Mama. Msimamizi wa mifereji, aliyeitwa zanjero, alikuwa mtu mkubwa mbele ya watu. Kuna wakati mshahara wake ulizidi ule wa meya. Wala si ajabu. Meya akikosa kazini siku mbili mji waweza usijue, lakini mfereji ukiziba siku mbili kila mwenye bustani hujua.

Kwa zaidi ya miaka mia moja mji uliishi kwa mto huo mmoja. Mtu aweza kuuliza: mto wa nchi yenye miezi sita ya ukavu uliwezaje kutiririka kiangazi chote? Jibu limo chini ya ardhi. Juu ya mji, upande wa kaskazini, kuna bonde la San Fernando, na chini ya bonde hilo umelala mchanga na changarawe wa kina kirefu, ulioletwa na mafuriko ya maelfu ya miaka kutoka milimani. Mvua iliponyesha, maji yalitanda juu ya bonde, yakazama, yakaingia baina ya mawe kama yanavyoingia katika sifongo, kisha yakatembea polepole gizani mpaka mahali ambapo mwamba huyazuia na kuyasukuma juu. Hapo yalitokea mtoni, safi na baridi, miezi mingi baada ya mvua iliyoyaleta. Kwa hiyo lililoonekana kuwa mto lilikuwa mlango tu wa ghala. Ghala lenyewe lilikuwa chini ya miguu ya watu. Na funguo za ghala lile zilikuwa mafuriko, kwa kuwa bila maji kutanda hayawezi kuzama.

Mto wenyewe haukuwa mpole. Urefu wake ni kilometa 82 tu, lakini katika mwendo huo mfupi hushuka meta zipatazo 240, na kwa hiyo ukijaa hauna subira. Mwaka 1825 uliacha njia yake ya zamani iliyokwenda magharibi, ukajichimbia nyingine ya kusini, na tangu siku hizo ukaingia baharini mahali pengine kabisa. Wakulima wa zamani waliijua tabia hiyo, wakaheshimu kingo zake. Waliokuja baada yao walikuja kwa gari moshi, wakanunua viwanja vilivyopimwa kwa kamba, na hakuna aliyewaambia kuwa mto nao una madai yake juu ya viwanja vile.

Reli kubwa ilipofika mwaka 1876, watu walianza kumiminika. Mwaka 1900 mji ulikuwa na watu wapatao 102,000. Mwaka 1910 walikuwa wapata 319,000. Miongoni mwa wageni hao alikuwamo William Mulholland, aliyezaliwa Belfast huko Ireland mwaka 1855, akafika Los Angeles mwaka 1877. Kazi yake ya kwanza katika maji ilikuwa ya koleo: kuondoa magugu na matope katika mfereji wa mji. Hakuwa na shahada yoyote. Mchana alichimba, na usiku alisoma peke yake vitabu vya hesabu na vya ujenzi, akapanda ngazi moja baada ya nyingine hata akawa mkuu wa kampuni ya maji. Na mji ulipoinunua kampuni ile mwaka 1902, ulimnunua pamoja nayo, kama watu walivyofanya mzaha, kwa sababu ramani ya mabomba ilikuwa kichwani mwake.

Mulholland alitazama idadi ya watu ikipanda, akatazama mto, akaona kuwa hesabu haiendi. Rafiki yake Fred Eaton, aliyewahi kuwa meya, alimwonyesha mto mwingine. Huo ni mto Owens, uliokuwa ukipita katika bonde lenye mashamba na mifugo, mashariki ya milima ya Sierra Nevada, na ukilishwa na theluji ya milima hiyo. Mnamo mwaka 1904 na 1905 Eaton alizunguka katika bonde lile akinunua ardhi na haki za maji. Wengi waliomwuzia walidhani kuwa anasaidia mpango wa serikali kuu wa kuwajengea wao wenyewe mifereji ya kilimo. Julai 1905 gazeti la Los Angeles lilitangaza habari, na watu wa bonde wakajua kwamba maji yao yamekwisha kununuliwa na mji wasiouona. Mbele ya sheria ununuzi ulikuwa ununuzi. Lakini mtu aliyeuza ng'ombe akidhani anamwuzia jirani, kisha akamwona akipelekwa machinjoni, hasahau hata kama bei ilikuwa nzuri.

Kazi ilianza mwaka 1908. Maelfu ya wafanyakazi walichimba mfereji, wakatoboa milima, wakatandika mabomba mapana ya chuma katika mabonde ya jangwa, kwa urefu wa kilometa 375, masafa yanayozidi barabara ya kutoka Nairobi hadi Kisumu. Katika urefu wote huo hapana pampu hata moja: maji hushuka kwa uzito wake yenyewe tangu mwanzo hadi mwisho. Kwa kazi ya mikono na akili za binadamu, ni jambo la kustaajabisha, na kulikana kwa sababu ya yaliyofuata si haki. Tarehe 5 Novemba 1913 makumi ya maelfu ya watu walikusanyika kutazama maji ya kwanza yakiporomoka katika ngazi za saruji. Mulholland hakutoa hotuba ndefu. Aliwaambia tu kwamba maji ndiyo hayo, wayachukue.

Wakayachukua. Bonde la Owens lilianza kukauka. Ziwa Owens, lililokuwa na eneo la zaidi ya kilometa za mraba 250 na lililopata kupitiwa na meli ndogo za moshi, lilikuwa limekauka kufikia mwaka 1926. Mwaka 1924 watu wa bonde waliulipua mfereji kwa baruti, na Novemba ya mwaka huo wakayateka malango yake, wakayafungulia maji yarudi mtoni kwa siku nne huku familia zao zikipika na kuimba pale pale. Miaka mitatu baadaye baruti zililia tena. Haikusaidia. Sakafu ya ziwa ikageuka vumbi la chumvi, na kwa miaka mingi upepo uliinua kutoka mahali pale mavumbi mengi kuliko mahali pengine popote pa namna yake Marekani, yakaingia vifuani mwa watu. Tangu mwaka 2001 mji umelazimika kurudisha sehemu ya maji ili kuilowesha sakafu ile, na gharama ya kutuliza vumbi imezidi dola bilioni mbili. Maji yaliyosifiwa kuwa rahisi yalikuwa na hati ya deni ambayo haikusomwa siku ya sherehe.

Deni jingine lililipwa mapema zaidi, na kwa roho za watu. Mulholland aliyaogopa matetemeko na baruti, akataka akiba ya maji karibu na mji. Ndipo akajenga bwawa la St. Francis katika korongo la kaskazini, likakamilika mwaka 1926. Tarehe 12 Machi 1928 mlinzi wa bwawa alimwita kwa sababu ya maji machafu yaliyokuwa yakivuja. Mulholland alikwenda, akatazama, akasema hapana hatari. Usiku wa siku ile ile, dakika chache kabla ya saa sita, bwawa lilipasuka. Ukuta wa maji ulishuka bondeni ukilala juu ya mashamba na kambi za wafanyakazi, ukafika baharini mwendo wa kilometa 87, na watu wasiopungua 431 wakafa, wengi wao wamelala. Mbele ya baraza la uchunguzi Mulholland hakumsukumia mtu mwingine lawama, aliibeba mwenyewe. Alijiuzulu, akafa mwaka 1935.

Turudi sasa kwenye mto wa nyumbani, kwa maana wakati mji ulipokuwa ukifuata maji ya mbali, yale ya karibu yalikuwa yakiujia bila kuitwa. Mwaka 1914 mafuriko yaliharibu mali nyingi, na mwaka 1915 ikaundwa idara ya wilaya ya kuzuia mafuriko. Tangu hapo maji yakawa na mabwana wawili. Idara ya mji ilihesabu maji yaliyoingia kwa bomba, na kazi yake ilikuwa kuyaongeza. Idara ya wilaya ilihesabu maji yaliyoshuka kutoka mbinguni, na kazi yake ilikuwa kuyaondoa. Kila mmoja alikuwa na wahandisi wake na fedha zake, na kila mmoja alifanya kazi yake vizuri sana. Hilo ndilo lililokuwa baya, kwa kuwa mambo mawili yaliyofanywa vizuri na watu wasiozungumza huweza kuzaa jambo moja la kipumbavu.

Ilikuwapo njia nyingine. Mwaka 1930 wataalamu wa mipango ya miji, kampuni ya ndugu Olmsted pamoja na Harland Bartholomew, waliwatolea wakubwa wa mji ripoti kubwa. Walishauri kwamba kingo za mito zinunuliwe na kuachwa kuwa bustani za watu wote: wakati wa kiangazi watoto wacheze humo, na wakati wa mafuriko mto upate nafasi ya kutanda bila kumwua mtu. Ripoti ile ilihitaji fedha nyingi na mamlaka mapya juu ya ardhi, na wenye viwanja hawakuwa na hamu nayo. Ilichapwa nakala chache, ikawekwa kabatini.

Kisha zikaja mvua. Usiku wa kuamkia mwaka 1934 tope na mawe viliporomoka kutoka milimani hadi katika mitaa ya La Crescenta na Montrose. Mwishoni mwa Februari na mwanzoni mwa Machi 1938 mvua ya siku chache ilileta karibu kiasi cha mwaka mzima milimani. Madaraja yalikatika, maelfu ya nyumba yakaharibika, na watu wapatao 100 wakafa. Baada ya hapo hakuna aliyetaka kusikia habari za bustani. Wahandisi wa jeshi la Marekani, kwa fedha za serikali kuu, walianza kuunyoosha mto na kuuvika saruji, kazi iliyoendelea hadi karibu na mwaka 1960.

Msomaji asidhani kuwa wahandisi hao walikuwa wajinga. Walikuta nyumba zimekwisha kujengwa ndani ya njia ya mto, na wakaambiwa waziokoe. Mto wenye kingo za udongo huhitaji upana mkubwa, kwa kuwa maji hukwaruzana na majani na mawe yakaenda taratibu. Katika saruji laini maji yale yale hupita mbio katika nafasi ndogo. Ardhi ikiwa ghali, saruji huonekana rahisi. Tena walifaulu: mji haujaona tena msiba kama ule wa 1938. Lakini waliiziba milango ya ghala. Mahali pengi ambapo mto ulikuwa ukinywesha changarawe chini yake, sasa maji yalipita juu ya sakafu isiyopenyeka. Na katika bonde, mashamba ya michungwa yalikuwa yakigeuka mapaa, barabara na viwanja vya kuegesha magari, ambavyo navyo havinywi hata tone. Kadiri ardhi ilivyozidi kufunikwa, ndivyo maji yalivyozidi kukimbia, na ndivyo mfereji mpana zaidi ulivyohitajika. Hii ni kazi isiyo na mwisho, kama ya mtu anayekimbia kivuli chake.

Tena maji yanayopita barabarani hayapiti mikono mitupu. Hubeba mafuta ya magari, mavi ya mbwa, vumbi la matairi na karatasi za vitafunio. Mitaro ya mvua ya Los Angeles haiunganiki na ile ya maji machafu ya nyumbani, basi maji hayo huingia baharini bila kusafishwa. Ndiyo sababu wakuu wa afya huko huwaonya watu wasiogelee kwa siku tatu baada ya mvua, katika fukwe zinazojulikana dunia nzima kwa uzuri wake.

Haki yataka isemwe kuwa hata katika miaka ya saruji hawakukosekana waliolikumbuka ghala. Kando ya mito michache idara ya mafuriko yenyewe ilihifadhi viwanja vya kuzamishia maji. Ni madimbwi mapana yenye sakafu ya mchanga, yaliyotenganishwa kwa matuta, ambamo maji ya mafuriko huelekezwa, hukaa, na kuzama. Viwanja vya Rio Hondo vilifunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1930, na mwaka 1962 katika sehemu hiyo wakaanza kuzamisha pia maji ya majumbani yaliyokwisha kusafishwa, jambo lililokuwa jipya wakati huo. Mwanafunzi atambue kuwa elimu ya kuyahifadhi maji ya mvua haikugunduliwa jana. Ilikuwapo; ila ilipewa nafasi ya mtoto wa kambo.

Lililoubana mji hata ukatazama tena juu ya mapaa yake halikutoka mjini. Lilitoka katika ziwa jingine la mbali, Mono, lenye maji ya chumvi na ndege wengi mno. Tangu 1941 mji ulikuwa ukichukua maji ya vijito viingiavyo humo, na bomba la pili lililomalizika mwaka 1970 liliongeza uchukuaji. Ziwa likashuka zaidi ya meta 12. Mwaka 1976 kikundi cha wanafunzi wa vyuo vikuu kilipiga kambi kando yake, kikahesabu ndege, kikapima maji, kikaandika ripoti; na mwaka 1978 mmoja wao, David Gaines, akawa miongoni mwa walioanzisha chama cha kulitetea ziwa. Watu walicheka: vijana wenye daftari dhidi ya mji mkubwa wenye mawakili. Mwaka 1983 Mahakama Kuu ya California iliamua kwamba serikali imeyashika maji ya namna ile kama amana ya watu wote, na kwamba haki ya kuyachukua yaweza kupimwa upya. Mwaka 1994 bodi ya maji ya jimbo ikauamuru mji upunguze uchukuaji wake mpaka ziwa lipande. Halijafikia kima kilichowekwa, lakini halikufa kama ndugu yake Owens.

Basi mji uliokatazwa mkono ulianza kutazama chunguni mwake. Hatua ya kwanza ilikuwa ndogo na haina fahari yoyote: vyoo. Katika miaka ya 1990 vyoo vinavyotumia maji machache viligawiwa bure, na waliovigawa mitaani, nyumba kwa nyumba, walikuwa vikundi vya watu wa mitaa yenyewe, wakiwamo akina mama wa East Los Angeles, waliopata kwa kazi hiyo ajira na fedha za kuendeshea kikundi chao. Pamoja na hatua nyingine za namna hiyo, matokeo yake ni kwamba Los Angeles hutumia leo maji yasiyozidi yale ya mwaka 1970, ingawa watu wameongezeka kwa milioni moja hivi. Naona ushindi huu ni mkubwa kuliko ule wa 1913, ingawa hakuna aliyeupigia tarumbeta.

Hatua ya pili ilihusu mvua. Mwaka 1998 chama kiitwacho TreePeople, kilichoanza kwa kazi ya kupanda miti, kilichukua nyumba moja ya kawaida kusini mwa mji, kikaibadili. Kiliinua bustani yake kingo kidogo ili maji yasitoke, kikachimba mtaro wa changarawe mbele ya lango la gari, kikaweka matangi makubwa ya kupokea maji ya paa. Wazee wetu wa pwani wangaliyatazama, wakasema kuwa hizi ni jabia tu. Kisha, mbele ya wakubwa wa mji na wa wilaya, kikaimwagia nyumba ile maji mengi kwa dakika chache, kama gharika. Wakubwa wakangoja maji yatoke barabarani. Hayakutoka. Miongoni mwa waliotazama walikuwamo wahandisi waliokuwa na mpango wa kujenga mtaro mkubwa wa mvua katika eneo la Sun Valley, ambako barabara ziligeuka mito kila masika. Mpango ule ulibadilishwa: badala ya kuyapeleka maji mtoni, wakaamua yazamishwe pale pale yanaponyeshea, katika bustani za mitaa na chini ya barabara.

Mtaa wa Elmer Avenue ulikamilika kwa mtindo huo mwaka 2010. Ulikuwa mtaa wa kawaida usio na njia za miguu wala mitaro, na mvua ilipokuja watu waliruka madimbwi. Chini ya barabara yake yalitandikwa matabaka ya changarawe yenye mabomba ya matundu, na kando yake ikachimbwa mitaro mipana mifupi iliyopandwa majani yasiyohitaji maji mengi. Maji ya hekta zipatazo 16 zinazouzunguka huingia humo na kuzama. Wenye nyumba wakapata njia za miguu, taa na kivuli. Na bonde likapata kinywaji. Ni mtaa mmoja tu katika maelfu, nao huhitaji kufagiliwa na kupaliliwa, kwani changarawe iliyojaa takataka haina tofauti na saruji.

Ili mitaa kama huo iwe mingi zilihitajika fedha za kudumu. Novemba 2018 wapiga kura wa wilaya ya Los Angeles walikubali, kwa zaidi ya theluthi mbili, kodi mpya inayofuata kiasi cha ardhi ambacho mtu ameifunika kwa paa, saruji au lami. Kila futi ya mraba isiyopenyeka hulipiwa senti mbili na nusu kwa mwaka. Wazo lake ni la haki: mwenye kuizuia ardhi isinywe na achangie gharama ya kuinywesha. Mapato yalikadiriwa kuwa dola milioni 280 hivi kila mwaka. Viwanja vya kuzamishia maji vya Tujunga, katika bonde la San Fernando, vimechimbwa upya ili viweze kupokea meta za ujazo milioni 20 kwa mwaka, mara mbili ya zamani.

Mapema Februari 2024 mvua ya zaidi ya milimita 200 ilinyesha katikati ya mji kwa siku tatu. Matope yaliporomoka vilimani, na mto ukajaa saruji yake kutoka ukuta hata ukuta. Madimbwi ya kuzamishia maji nayo yalipokea maji. Lakini mengi zaidi yalipita, yakaenda baharini. Mji uliofunikwa kwa karne nzima haufunuliwi kwa miaka sita.

Na ghala lenyewe halikubaki kama lilivyoachwa. Wakati mji ulipokuwa umelipa kisogo, viwanda vya ndege na vya vyuma katika bonde la San Fernando vilimwaga ardhini dawa za kusafishia mashine, na karibu na mwaka 1980 dawa hizo zikagunduliwa ndani ya visima. Visima vingi vikafungwa. Mwaka 1975, miaka michache tu kabla ya ugunduzi huo, Mahakama Kuu ya California ilikuwa imethibitisha kuwa maji ya mvua yanayozama katika bonde lile ni haki ya mji wa Los Angeles, kwa urithi unaotoka katika kijiji kile cha watu 44 na enzi ya mfalme wa Hispania. Katika miaka ya 2020 mji umejenga mitambo ya kuyasafisha, yenye kugharimu mamia ya milioni ya dola. Na mvua inayozamishwa leo Tujunga itapitia mitambo hiyo kabla ya kufika kikombeni.